Taarifa ya Februari

Habari za jioni. Mmekuja tisa. Mwaka jana mlikuwa sita,
na mmoja wa sita wale alikosea mlango.
Mnanifahamu: Odile, binti Gervais wa ghala la viazi,
mjumbe wenu katika baraza la jimbo, muhula wa tatu.
Mtuwie radhi kwa harufu ya dizeli. Bomba la shule
limepasuka kwa baridi, zimamoto wametusitiri.

Nianze na lililo jepesi.
Msaada wa mafuta ya kupashia nyumba joto:
fomu mwisho tarehe kumi na tano.
Msingoje tangi likauke ndipo mnipigie usiku wa manane.
Ingawa mkipiga, nitapokea. Bi. Quimby ni shahidi,
tuliongea hadi alfajiri, habari za paka.

Maji ya visima: maabara ya jimbo inapima bure.
Chupa zipo pale, kando ya donati za Marcel.
Arseniki haina rangi, haina harufu, haina adabu;
leo unainywa wewe,
kesho inakunywa yenyewe.

Daraja.

Najua.
Mwaka wa kwanza nilisema mwakani.
Mwaka wa pili nikasema bajeti.
Ahadi ni deni, na mimi ni mdaiwa sugu
anayekutana na wadai wake dukani kila Jumamosi
akajifanya anasoma bei ya siagi.
Wahandisi walikuja. Walipiga picha,
wakazipaka nguzo alama za rangi ya chungwa.
Basi. Tuna rangi ya chungwa.

Wodi ya wazazi haitafunguliwa tena.
Karatasi yangu inasema "huduma zimeunganishwa."
Mkazi wetu mpya kabisa alizaliwa mwezi jana
ndani ya gari la kukwangulia theluji,
maili ya kumi na saba, mlango wazi, upepo unaingia,
dereva Lucien ameuma tochi kwa meno
ili mikono yote miwili ipokee.
Anaitwa Josette. Ni mzima, ana sauti.
Niliandika hayo kwenye taarifa;
ofisini wakayakata. Walisema hiyo si huduma.

La mwisho ni mali isiyodaiwa.
Hazina ya jimbo inatunza fedha zilizosahaulika,
amana, bima, mishahara ya wiki ya mwisho,
za waliohama, za walioolewa wakabadili majina,
za waliokufa.
Orodha ya kwetu ni kurasa nne. Pitishianeni.

Ndiyo, Bwana Théophile? Sogea, hita inanguruma.
Ukurasa wa tatu... naona.
Léonie Voisine. Dola arobaini na moja, senti sita.
Kiwanda cha wanga, kabla hakijafungwa.
Hapana, wakili wa nini? Cheti cha kifo,
kitambulisho chako, sahihi yako hapa chini,
na ndani ya wiki nane hundi itakuja.

Hutaki?

Sema tena, polepole.

Kwamba ukizichukua, jina litafutwa.
Kwamba mwakani nitasimama hapa na kurasa nyingine
na yeye hatakuwemo.
Kwamba pale makaburini theluji imefunika jiwe
tangu Novemba, na hapa
ameandikwa kwa wino, na serikali
inakiri bado inadaiwa naye.

Sikiliza. Nimeisoma sheria hii yote, na viambatisho vyake.
Haina neno hata moja
juu ya mtu anayejua haki yake ilipo
akaamua kuiacha ikae.
Basi ikae.
Rudisha fomu, Bwana Théophile. Orodha shika, ni yako.

Kuna swali jingine?
Marcel, donati zilizobaki wape zimamoto.
Kona ya kanisa ina barafu. Idara imeahidi chumvi.
Mimi nina mfuko mmoja garini, na koleo.
Nitatangulia.
Nifuateni polepole, taa zenu zimulike chini.