Siku Niliyokosea

Karatasi ilibandikwa mlangoni mwa duka la dawa,
chini ya tangazo la paka aliyepotea:
Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, chumba cha chini,
kanisa lile lenye mnara uliofunikwa turubai.
Niliisoma nikijifanya namtafuta paka.

Mimi Bogumila, fundi wa meno ya bandia,
mji wa Opole, mtaa wa nyuma ya stesheni.
Miaka kumi na tisa nimewachongea watu tabasamu
kwa mikono ambayo kila asubuhi
haikuweza kutia ufunguo tunduni
kabla ya koo kutiliwa kitu.
Chupa niliifungia kabatini pamoja na plasta ya vipimo,
penye vumbi jeupe, asipopekua mtu.
Mficha maradhi, walisema wahenga.
Mimi niliyaficha hadi nikasahau nilikoyaweka,
yakawa yananiona, mimi siyaoni.

Nilizunguka kanisa mara tatu.
Theluji iliweka hesabu: nyayo zangu,
kisha nyayo zangu juu ya nyayo zangu.
Nikashuka ngazi.
Viti, chai katika glasi, watu kumi na mmoja.
Nikaketi karibu na mlango, koti mwilini.
Wakaanza kuzungumza juu ya nyuki.

Ilikuwa Jumatano.
Chama cha wafuga nyuki, mkutano wa Januari.
Ningeinuka, lakini bibi mmoja
alikwisha nitilia sukari,
na glasi yangu ikawa inagonga kisahani, tiki tiki tiki,
na hakuna aliyegeuka kutazama.
Mtu mwenye sweta ya kijani alikuwa akieleza
kwamba nyuki hawalali majira ya baridi.
Hujikusanya wakawa tonge moja,
wakatetemeka. Basi. Kutetemeka ndiko kuni zao.
Wa nje wakipoa huingia ndani,
wa ndani wakishapata joto hutoka nje,
hivyo hivyo, hadi maua.
Niliuliza swali. Mimi! Niliuliza:
Na aliyeanguka chini ya mzinga?
Akavua miwani.
"Huyo, ukimwahi,
mshike kiganjani, umpulizie pumzi."

Usiku ule sikunywa. Sikuwa nimeamua kitu.
Nilikuwa nikiwaza nyuki.

Alhamisi nikarudi. Viti vilevile, glasi zilezile,
ila hapa kila mtu alijitilia sukari mwenyewe,
wengine kwa mikono miwili.
"Naitwa Zenon," akasema wa kwanza, "nami ni mlevi,"
na nikayasikia meno yake kabla ya maneno:
yaligongana upande wa kushoto.
Nikayajua.
Seti ya Novemba, mwaka ule mbaya,
niliyoichonga huku mkono mmoja umeshika meza.
Zamu iliponifikia, hotuba niliyoiandaa njiani
ikaniruka yote. Nikasema:
"Naitwa Bogumila. Meno hayo ni kazi yangu.
Nilikuwa nimelewa."

Bomba la joto likakohoa ukutani.
Zenon akayavua, akayalaza juu ya leso,
akayatazama kama mtu aliyepata barua iliyochelewa,
na kwa ufizi mtupu akasema:
"Miaka minne nilidhani mdomo wangu ndio ulio kombo."
Walicheka hadi mtu akamwaga chai.
Nami nililia, au nilicheka,
uso wangu ulikuwa umesahau tofauti.

Siku za mwizi, arobaini.
Zangu leo arobaini na moja,
na hakuna aliyenikamata, nilijileta.
Meno ya Zenon nimeyachonga upya, bure.
Mkono ulitetemeka kidogo tu, kwenye jino la mwisho,
nikaungoja.

Lakini Jumapili nilisimama mbele ya duka la pombe
dakika ishirini, mlango ukifunguka na kufunga,
ukinipulizia joto lake usoni.
Nilimpigia Halina. Hakupokea.
Nilimpigia Zenon.
Kulikuwa na mkwaruzo, kikombe kuanguka, kimya kirefu,
halafu sauti isiyo na kingo:
"Usikate simu, Bogumila.
Ngoja nivae meno."