Mikono Minne

Mwaka wa kwanza Winnipeg nilishona zipu za majaketi,
mapindo ya suruali, mapazia ya kanisa la Wafilipino.
Kisha, Oktoba, kengele ya mlango ikalia,
akaingia Bwana Orest Hnatiuk, mstaafu wa reli,
na kichwa kidogo kikichungulia kifuani mwa koti lake
kama kifungo kisichopata tundu.

"Anaitwa Kasha." Kwao ni uji wa ngano nyeusi.
Nikacheka peke yangu. Kwetu kasha hutiwa nguo;
hili lilitaka kutiwa ndani ya nguo.

Alitaka nyuki: mistari, mabawa ya waya,
kwa usiku ule watoto wanapobisha hodi kuomba peremende.
Nikampima. Shingo inchi tisa, kifua kumi na tatu,
mgongo, toka ukosi hadi mkia, kumi na moja.
Akatetemeka chini ya utepe. Nami pia, kidogo.
Sikulelewa kushika mbwa. Nikamtengea mkasi wake,
pini zake ndani ya kopo la kahawa,
na aproni ninayoivua kabla sijatia udhu.

Mchana mama akapiga simu; Lindi ilikuwa usiku tayari.
"Unashona nini?"
Mama ni fundi, miaka arobaini juu ya cherehani ya kukanyaga,
hadanganywi kwa neno "nguo."
"Vazi la sherehe. Shingo tisa, kifua kumi na tatu."
"La mtoto?"
Nikauma uzi. "La mdogo wa Bwana Orest."
"Mungu amkuze."

Novemba, koti jeusi na ua jekundu begani,
siku wanaposimama kimya kuwakumbuka askari.
Desemba, sweta yenye kulungu.
Januari, Krismasi ya pili, ile ya wazee wake:
shati jeupe lenye darizi shingoni,
misalaba midogo midogo, myekundu, myeusi.
Macho yangu yaliishia humo.
Februari, viatu, jozi mbili,
kwa sababu ya chumvi wanayoimwaga barabarani juu ya barafu,
inayochoma nyayo.
Baridi ilikuwa thelathini chini ya sifuri
na Kasha alitembea dukani akiinua mguu mmoja mmoja
kama aliyekanyaga ubwabwa wa watu.
Bwana Orest akacheka hadi akatafuta kiti.
"Marehemu mke wangu ndiye aliyeanza," akasema.
"Mimi nilimwambia ni upuuzi."

Aprili, koti la mvua. Julai, leso tu, na mbu.

Oktoba akarudi nyuki yuleyule,
ila mabawa yalimning'inia ubavuni.
Nikapima: kumi na mbili.
"Amekua yule mtoto?" mama akauliza.
"Amepungua."
"Mtoto hupunguaje? Mwambie mzee ampe uji wa ulezi, na siagi."
Nikamwambia. Akaandika kwenye kiganja, kwa kalamu yangu ya chaki: ulezi.

Kufika Januari, kumi na moja, na utepe bado umelegea.
Lile shati la darizi lilimvaa yeye,
si yeye aliyelivaa.
Nikalilaza mezani, nikachukua mkasi.
Simu ikalia.
"Mama," nikasema kabla ya salamu,
"nguo za yule mtoto zina mikono minne."

Cherehani yake ikasimama.

"Nilijua. Shingo tisa, mgongo kumi na moja,
na kiuno hukukitaja hata siku moja.
Nimeshona Lindi nzima, hakuna mtoto wa hivyo."
"Na zile dua zote?"
"Kwani yeye kaumbwa na nani?"
Kisha: "Unamtoza mikono mingapi?"
"Miwili."
Akaguna.
"Na huo mkasi uweke chini, nausikia. Usikate.
Kunja kwa ndani, shona kwa mkono, uzi uwe mrefu.
Akinenepa, utafumua."