Mchagua Nazi

Siku ni moja. Njia kwenye ramani ni tatu.
Nimeitandaza juu ya meza ya Bi Eluned, hapa Fishguard,
kikombe pembe hii, sahani ya mayai pembe ile,
na bado inajikunja, haitaki kusomwa.

Ya kwanza inakwenda Strumble, kwenye mnara wa taa:
maili nane za majabali, na sili chini yake
wamelala kama magunia yaliyolowa.
Nimeizungushia wino mwekundu tangu Januari,
zamu za usiku, hospitalini Swansea,
kati ya kengele ya kitanda cha nne na ya kitanda cha tisa.

Ya pili ni ufuko wa Newport,
tambarare kama ukumbi wa harusi,
ila si njia ya kila saa.
Nasoma jedwali la kupwa na kujaa:
saa saba mchana maji yatakuwa yamekalia mahali pa kula kwetu.

Ya tatu, Dinas. Rasi fupi. Sikuwa na haja nayo.

Mbaraka hasemi neno. Anapaka siagi.
Chini ya meza anasugua goti lake jipya,
goti la chuma na plastiki, la tangu Pasaka.
"Nenda Strumble," anasema mwishowe, "mimi nitasoma gazeti."
Zamzam ananitazama jinsi watoto wanavyotazama mizani ya dukani.

Mchagua nazi hupata koroma.
Mama yangu alilisema hilo kila nilipomkataa mchumba.

Bi Eluned anaondoa sahani. Kidole chake, chenye unga,
kinakata rasi ile shingoni:
"Hapa kuna bonde. Njia bapa, hata kigari cha mtoto kinapita.
Anayeweza azunguke juu, asiyeweza apite chini.
Mtakutana kanisani. Umebaki ukuta mmoja tu, mengine yalichukuliwa na bahari."

Basi, Dinas.

Tulipanda, mimi na Zamzam, katikati ya miba yenye maua ya njano,
na tulipofika juu, ukungu ukafika pia.
Mandhari yote niliyoisubiri miezi minane
ilikuwa kiuno cha mwanangu na lile koti lake la kijani.
Bahari tuliisikia tu, ikikohoa mahali fulani kushoto.
"Mama, tumelipia nini?" akauliza.
Nikacheka hadi nikakaa chini kwenye nyasi mbichi.

Mbaraka alikuwa ameegemea ule ukuta, chupa ya chai mapajani,
jua dogo likimwangaza peke yake.
"Nimemwona mdiria," alisema. "Wa buluu. Buluu kabisa.
Nimetembea maili nzima, sikusimama."

Sasa ni usiku. Wino mwekundu bado upo Strumble.
Nakunja ramani kwa mikunjo yake ya zamani,
inakataa,
naikunja nitakavyo.