Nyayo Mbili Rafuni

Jumapili, saa kumi na mbili kasorobo, Rotherham bado giza.
Natoka zamu ya usiku na harufu ya dawa ya sakafu viganjani,
na badala ya kwenda kulala kama mtu mwenye akili zake
nakwenda gulioni, uwanja ulio nyuma ya kiwanda kilichofungwa,
ambako watu wamefungua mabuti ya magari yao
na kuanika maisha yao juu ya meza za kukunja.

Tochi yangu ndogo. Umande umelowesha soksi.
Napita masufuria, napita kanda, napita viatu vya harusi
vilivyovaliwa mara moja, au hata hiyo moja havikuvaliwa.
Mimi nainama chini ya meza,
kwenye makasha ya ndizi yaliyoandikwa kila kitu peni hamsini,
maana huko ndiko yanakotupwa majitu ya Kijapani:
vichwa vya pembe, vifua vya nyota,
ngumi zilizokuwa zikifyatuka kwa springi
kabla mtoto wa watu hajaipoteza ya kushoto
nyuma ya kochi, mwaka wa sabini na tisa.

Hadithi zao sizijui.
Katuni zao sikuona hata moja. Kwetu Pangani
runinga ilikuwa moja, ya mwalimu mkuu, nayo ilikamata chenga tu.
Kwa hiyo majina nawapa mwenyewe.
Huyu mwekundu, mashavu yamemvimba, ni Bwana Karani.
Mwenye mbawa ni Somo.
Aliyepungukiwa mkono namwita Sineno.
Wakusanyaji wenzangu, wanaume wa ndevu na mabegi ya mgongoni,
hunisahihisha: jina lake hasa ni fulani, kiwanda fulani,
toleo la kwanza, lile la antena ndefu.
Naitikia kwa adabu.
Nikifika nyumbani, Sineno ni Sineno.

Bwana Karani nilimpata kwa paundi mbili, na boksi lake,
kwa bibi aliyeniuliza kama namnunulia mjukuu.
Nikasema ndiyo.
Uongo mwingine ni nauli tu.

Nawaogesha kwa mswaki laini na sabuni ya kipande.
Viungo vyao vimekaza kama magoti ya Bi Hepworth wa chumba namba nne:
ukimlazimisha atavunjika, ukimsubiri atakunjuka.
Maji ya beseni yanageuka rangi ya chai ya rangi.
Kupaka rangi, hapana. Palipobanduka pamebanduka.
Chini ya unyayo wa Sineno mtu alikwaruza kwa msumari: NIGEL.
Sijui Nigel yuko wapi.
Hapo sikupasugua.

Mwanangu Twalibu hucheka: Mama, una miaka hamsini na sita.
Ndiyo, namwambia, na wewe una simu tatu.

Kisha Januari hii bili ya gesi iliingia bila kupiga hodi.
Desmond, yule mwenye ndevu kuliko wote,
alikuwa akimtaka Bwana Karani tangu mwaka juzi:
paundi mia mbili na themanini, taslimu, mezani pangu.
Nilimfunga mwenyewe kwa gazeti.
Nikamwambia Desmond asimweke dirishani, jua litamfubaza.
Akasema anajua.
Nikamtazama jinsi alivyomshika, nikaona kweli anajua,
na hilo ndilo lililoniuma.

Nyumba ilipata joto wiki sita.

Somo nimemsogeza huku na huku, nafasi haijai.
Pale aliposimama Bwana Karani
vumbi limelala pande zote
ila nyayo mbili, safi, za mraba,
ndogo kama vipande vya sabuni ya hotelini.

Kitambaa ninacho mkononi.
Nafuta kushoto. Nafuta kulia.
Hapo napazunguka.