Kata

Neno la kwanza la kazi hii si "taa" wala "kamera".
Ni "kata", nami nilijifunza Ugenya,
kwenye matanga ya watu nisiowajua,
nikiwa na miaka kumi na tisa na kamera ya kukodi
kutoka kwa Bwana Obiero wa studio ya picha, Kibuye:
mia tatu kwa siku, betri mbili, moja mfu.

Matanga yana mwongozaji wake, usidanganyike.
Kuna shangazi anayejua nani alie kwanza
na nani angoje gari lifike langoni.
Mimi nilikuwa jicho tu. Waliniambia:
"Kila aliyekuja aonekane. Hata yule wa nyuma.
Hasa yule wa nyuma, ndiye aliyetoa ng'ombe."
Nikajua jua la saa kumi linavyolamba mabati,
nikajua uso unaolia hausogelewi
kabla hujatazama kando kidogo, kama mtu mwenye adabu.

Harusi zikafuata, mahafali, uzinduzi wa vyoo vya shule
(navyo nilivipiga kwa heshima: milango minane, kufuli nane).
Baba akauliza, "Kazi yako hasa ni gani?"
"Naongoza."
"Unaongoza nani?"
Nikatazama mikono yangu.

Mara tatu nilituma andiko kwa stesheni, mara tatu kimya.
Ya nne wakajibu: hadithi nzuri,
ila haiwezi kuhamia Nairobi?
Na hawa watu, lazima waseme Kijaluo?
Nilikata tamaa Jumatatu.
Jumanne nikakata shauri.
Lugha hii hutumia kisu kimoja kwa yote mawili.

Vipindi kumi na vitatu, pesa ya vinane.
Nyumba ya Milimani, mwenyewe akihesabu sahani kila jioni.
Ochola wa sauti huinua mkono: "Ndege."
Tunangoja itue.
Huinua tena: "Chura."
Saa nzima tukamsaka chura kwa tochi,
na mtoto wa jirani akalipwa hamsini
amshike mpaka mapenzi yaishe.

Kipindi cha tisa kilikuwa na mazishi.
Jeneza la kuazima, sharti tusilikwaruze.
Waliaji kumi kutoka Nyalenda, mia tano na chakula,
na kati yao Mama Penina Nyagweth,
aliyeanza kulia kabla sijasema chochote.
Alimlilia Okinyi.
Kwenye andiko langu hapakuwa na Okinyi.
Mhusika mkuu akanigeukia. Shivachi hakutoa jicho kwenye kamera.
Neno lilikuwa limekaa ulimini, tayari, silabi mbili,
na jua lilikuwa linatukimbia,
na kila dakika ya jenereta ilikuwa na bei yake.
Sikulisema.
Dakika ya kumi na moja kadi ikajaa.
Kamera ikakata yenyewe.

Alijifuta kwa kanga, akauliza kama wali una nyama.
Kisha, akipokea noti yake:
"Umeniacha nimalize.
Siku ile waliniharakisha. Mvua ilikuwa inakuja."

Stesheni inataka sekunde arobaini.
Nimewapa arobaini. Sikubishana, kodi ya nyumba haibishani.
Zilizobaki nimezitia kwenye kompyuta ya mkononi,
nikashuka nayo Nyalenda Jumapili,
nikakaa kwenye kochi lake lenye vitambaa vyeupe.
Alitazama bila kupepesa.
Alijicheka mara moja, kwa jinsi kilemba kilivyopinda.
Mwisho ulipofika akasogea karibu na kioo,
akakigusa kwa kidole kilichonukia omena.

"Na Okinyi," akauliza, "yeye anaonekana wapi?"

Nikarudisha nyuma.
Tukaanza kumtafuta.