Kabla ya Jumatatu

Daktari kaandika njia mbili nyuma ya risiti:
dawa ile kali, mizunguko sita, Mulago;
au vidonge vya maumivu, na nyumbani.
Hakusema ipi. Akafunika kalamu.

Abwoli, karatasi ile umeikunja mara nne
ukaitia kwenye kopo la chumvi,
kana kwamba neno nalo huoza.

Miaka mitatu tulisema "umepona"
kwa sauti ya chini, tusiuamshe ugonjwa.
Umeamka. Sasa uko kwenye ini.

Mimi nimeshapiga hesabu: ng'ombe wawili,
kishamba cha chai upande wa mtoni,
nauli ya basi kutoka Fort Portal, kwenda na kurudi, mara sita.
Nimekuletea hesabu hiyo mezani kama zawadi.

Wewe unamenya matoke. Utomvu umekugandia vidoleni.
"Mara ile," unasema, "nilipoteza ladha ya chai
miezi minane.
Ng'ombe umewahesabu. Mimi hujaniuliza."

Mvua ya Rwenzori inapiga mabati.
Nazima redio.
Navuta kigoda, nachukua kisu cha pili,

nauliza.