Pumua

Kaletwa kwangu Ijumaa, baada ya swala,
kafungwa kwenye leso, kichwa kinachungulia.
Shangazi mtu kamtuma kutoka Maskati,
na Sauda, miaka saba, meno ya mbele likizoni,
anasema: Bi Mwanakheri, mshonee gauni la Idi,
afanane na mimi.

Haya. Mimi fundi.
Barabara ya Kumi na Mbili yote yajua
sijakataa mwili wa mtu.
Nimewashona waja wazito wa mapacha,
nimemshona bibi harusi wa Makorora
aliyevunjika mkono asubuhi ya nikahi.
Nikachukua futi.
Futi ikagoma kukunjika, nikapimia uzi.

Kiuno: inchi tatu.
Mie si msomi, ila mara sita naijua.
Mrefusheni awe mtu, awapite kaka zenu kimo,
kiuno kinakuwa kumi na nane.
Kumi na nane! Paja langu la kushoto limezidi,
na la kulia ndilo linalokanyaga cherehani.

Mguu: inchi haijatimia.
Tena asimamia vidole,
kisigino chake hakijawahi kuionja ardhi.
Nikamsimamisha mezani. Akaanguka.
Nikamwegemeza kwenye pasi. Akaanguka, anatabasamu.
Huyu Mgandini angefikaje, na kikapu,
na matope ya masika?

Nesi Mwanamvua wa Bombo, kafuata sare yake,
akamgeuza, akambonyeza ubavu:
"Ini kaliweka wapi? Utumbo kamwachia nani?
Na nyonga hizi, shoga, hapiti hata panzi."

Bwana Shemboza, yuko benchi asubiri suruali,
akakohoa: "Lakini huyo ndiye mwanamke."

Juzi nilimpima. Arobaini na nne.
Akaniinamia sikioni: andika thelathini na nane, fundi.
Nikaandika.
Suruali nayo ikaandika yake, msikitini, kwenye rukuu.
Na hakuna kiwanda kilichomfinyanga yeye,
kikamtia kwenye boksi lenye dirisha,
wavulana wakalala wanakiota kitambi chake.

Wangu mimi alikuwa gunzi.
Nywele za mkonge, niliokota njia ya Pongwe.
Kiuno hana, kifua hana, ugali wa mchanga
anakula asubuhi na jioni na hashibi.
Hakunifundisha lolote, alhamdulillahi.

Nikamwambia Sauda: njoo na wewe nikupime.
Akapanda kiti. Akanyoosha shingo.
Futi ilipomzunguka
akavuta tumbo ndani.

Miaka saba.
Mashavu yamejaa pumzi, macho kwangu,
anangoja niseme namba ndogo.

Cherehani zikanyamaza.
Nesi akajifanya anatafuta kifungo chini.
Bwana Shemboza akaitazama mikono yake
kama kaazimwa.

"Pumua," nikasema.
Hakupumua.
"Sauda. Mimi sina haraka. Idi bado siku tisa."

Akapumua.
Tumbo likarudi, na maandazi yake mawili ya asubuhi,
la mviringo, la halali.
Hapo ndipo nikaandika,
na kwenye mshono nikaacha inchi mbili, za kukua.

Na mgeni? Nimemshonea, kitambaa kilekile,
ila kwa ndani nimemshindilia sufi, konzi nzima,
tumboni, nyongani,
mpaka vishikizo vikalalamika.
Sauda akamtazama mbele, akamtazama ubavuni,
akacheka na lile pengo lake:
"Bi Fundi, huyu sasa kala!"

Akamsimamisha mezani.
Akaanguka tena.
Miguu ile, niseme kweli, imenishinda.